Vijana wa HR, lile bango halibandikwi kwa ajili ya Afisa Kazi

Wiki iliyopita nilienda kwenye kiwanda kimoja kusaidia kupitia mafaili kabla ya ukaguzi wa Afisa Kazi, yule mkaguzi wa serikali wa mambo ya ajira. Kijana wa HR wa pale ni mpya, ana miezi minne tu kazini, mchangamfu, shati limenyooka, maji ya baridi kaniletea kabla hata sijaomba. Nikamuuliza, mdogo wangu, bango la kifungu cha 16, lile la haki za wafanyakazi, liko wapi? Akasema lipo dada, tena nimelilamineti mwenyewe. Haya twende nikalione. Tukapanda ngazi, tukapita kwa mhasibu, tukagonga kwa meneja, tukaingia, kijana akausogeza mlango na hapo nyuma ya mlango ndo bango likatokea. Kiingereza kitupu, herufi za kuchungulia, linang'aa utafikiri cheti cha kuhitimu. Na kule chini kuna watu zaidi ya mia mbili kwenye mashine na kufungasha ambao ofisi ile wengi wao hawajaikanyaga tangu waajiriwe.

Sikumgombeza. Kwanza ana adabu, pili sio wa kwanza, mwaka huu huu nimeshalikuta bango nyuma ya friji, nimelikuta kwenye droo, na sehemu moja nililetewa faili lina lebo MABANGO, ndani yamepangwa vizuri kabisa yote, ukutani hamna hata moja. Kila ninapoenda ni yale yale ambayo sisi tulikosea tukiwa na umri wenu, na mimi nilikosea zaidi ya wengi, ndo maana nimeona niandike mara moja muwe nayo wote.

Kifungu mnakijua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 16, sentensi moja tu: kila mwajiri abandike mahali panapoonekana wazi maelezo ya haki za mfanyakazi kwa fomu iliyowekwa. Fomu ipo kwenye zile Kanuni za Jumla, GN (Tangazo la Serikali) 47 ya 2017. Nadhani ufupi wake ndo unawaponza, maana cha 15 cha maelezo ya ajira kinawatoa jasho, cha 37 cha kuachisha kazi mnakijua hata usingizini, hiki cha 16 mnakiwekea tiki mnaenda kunywa chai.

1. Panaonekana na nani?

Hilo ndo swali la kwanza kabla hujashika gundi. Kabla ya kubandika chukua siku moja, simama getini asubuhi shifti ikiingia, simama saa ya chai, simama jioni, angalia watu wanasimama wapi wakiwa hawana la kufanya. Wanasimama kwenye foleni ya kuweka dole gumba, wanasimama kantini wakisubiri sahani, wanasimama nje ya dirisha la mhasibu siku ya mshahara ikichelewa (hapo ndo wanasoma kila kitu kilichopo ukutani hadi namba ya kizima moto). Bango liende huko. Ofisini watu wana kompyuta na wanaijua sheria au wanajua pa kuiuliza, wale wa kwenye mashine ndo hawana.

Na ukishabandika usidhani umemaliza. Nilifanya kazi kwenye ghala moja huku barabara ya Nyerere, notisi bodi iko pale pale getini, pazuri mno, nikabandika bango langu kwa pini nne, nikaondoka na furaha. Wiki mbili baadaye napita nikaona tangazo la mchango wa msiba, chini yake orodha ya saizi za fulana za Mei Mosi, chini yake kikao cha tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi, na katikati kabisa mtu anauza kiwanja Chanika, ishirini kwa ishirini, hakina mgogoro, piga namba hii. Bango langu lilikuwa limebaki kona moja tu ya chini inayosoma "saa 45", zile saa za kazi za kawaida kwa wiki. Na huwezi kumlaumu mtu wa msiba, ubao ni wa wote. Nikatafuta fundi akatengeneza kijisanduku cha kioo chenye kufuli, bango likakaa peke yake, na yule wa kiwanja nikamwachia nafasi yake pembeni, nasikia aliuza.

Kitu kingine, taa. Jamani taa. Shifti ya usiku inaingia saa mbili usiku inatoka saa kumi na mbili asubuhi, hao ndo wana haki ya ile nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, na hao hao ndo bango lao liko kwenye ukuta wa giza. Nenda usiku mmoja kaangalie kama linasomeka. Najua mnaishi mbali na daladala za usiku ni shida, nenda hivyo hivyo mara moja tu.

2. Kiswahili, tafadhali

Sheria iliandikwa Kiingereza na tumezoea kuitaja kwa Kiingereza, sawa, lakini mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ya tafsiri za sheria na Kiswahili kikawa ndo lugha ya sheria za nchi hii, sasa inakuwaje bango la mpakiaji mizigo libaki Kiingereza? Andika Kiswahili, herufi kubwa, mtu asome akiwa hatua tatu nyuma amebeba sahani.

Halafu msitafsiri kwa kubadilisha neno kwa neno. Mimi niliandika "kiinua mgongo" nikijua namaanisha yale malipo ya kifungu cha 42, watu wakasoma wakafikiria kile kiinua mgongo cha watumishi wa serikali wakistaafu, mamilioni, nikapata wazee wanne mlangoni kwangu siku moja wananiuliza hiyo hela inatoka lini. Niliwaeleza kwa uchungu maana walishaanza kupiga hesabu ya kupaua. Tangu siku hiyo naandika kama mtu anavyoongea: ukishatimiza mwaka mmoja kazini na mwajiri akakuachisha, unalipwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, mwisho miaka 10, na mwisho wa maelezo naongeza kwamba aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu hahusiki. Mistari mitatu badala ya neno moja, na mtu anakuelewa.

Mdogo wangu wa tumbo moja yuko Marekani anafanya kazi ghala, aliniambia chumba chao cha kupumzikia ukuta mzima ni mabango, kima cha chini cha shirikisho dola 7.25 kwa saa ambacho hakijabadilika tangu Julai 2009, usalama kazini, ubaguzi, likizo ya familia, yote ni lazima kisheria. Kwenye hilo la likizo ya familia kanuni zao zinasema kama sehemu kubwa ya wafanyakazi hawasomi Kiingereza basi mwajiri atoe maelezo kwa lugha wanayoisoma. Nchi ya Kiingereza hiyo. Sisi watu wetu wote wanaongea Kiswahili na bado tunawabandikia Kiingereza.

Na wapo wasiosoma kabisa, hao usiwaruke. Dakika tano kwenye kikao cha asubuhi, haki moja kwa wiki, unaisoma kwa sauti, unanyamaza, unasubiri maswali.

3. Usisaini kitu ambacho bango lako linakikataa

Hapa naomba mnivumilie.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Kiwanda cha kufungasha vyakula, wengi wanawake, shifti mbili. Bango nilibandika mimi mwenyewe, juu kwenye korido ya utawala, katikati ya cheti cha OSHA (wale wa usalama na afya kazini) na leseni ya biashara, Kiingereza, fremu nzuri ya dhahabu dhahabu. Afisa Kazi alikuja akaliona akaandika lipo, nikajisikia nimemaliza. Korido ile mfanyakazi wa chini alikuwa haruhusiwi kupanda mpaka aitwe. Utaratibu huo niliukuta, sikuuweka mimi, lakini nilikuwa naujua, na hapo siwezi kujitetea.

Kulikuwa na dada mmoja wa kufungasha, mpole, mchapakazi, mimba ya kwanza. Taarifa alileta miezi mitatu kabla na karatasi ya kliniki, kila kitu kama sheria inavyotaka. Fomu za likizo pale zilikuwa zinajazwa na supavaiza ndo zinaletwa kwangu. Supavaiza akaandika siku 42. Hakuwa mtu mbaya, alishakaa semina mahali akasikia habari ya wiki sita, na wiki sita kweli zipo kwenye kifungu cha 33, ila zile ni za kukataza, kwamba mama asifanye kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa daktari athibitishe anaweza. Urefu wa likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni siku 100. Yeye alizichanganya. Mimi nilikuwa najua tofauti yake, ningeulizwa kwenye intavyuu ningejibu mpaka kifungu kidogo. Lakini fomu ilikuja ndani ya rundo, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mishahara haijafungwa, simu inaita, nikawa nasaini moja baada ya nyingine nageuza, nasaini, nageuza. Sikuisoma.

Yule dada alifanya kazi mpaka siku ya uchungu, akajifungua salama, na siku ya 43 akawa kazini.

Nilikutana naye njiani kwenye mashine siku ile ile aliyorudi. Nikamwambia hongera mama, mtoto hajambo? Akasema hajambo dada, tunamshukuru Mungu. Nikaendelea na safari yangu, nina karatasi mkononi, nawahi kikao. Alikuwa amevaa sweta juu ya overoli. Dar es Salaam mwezi wa pili, mnalijua lile joto, ndani ya jengo la mabati, na mtu amevaa sweta na mimi nikapita. Baadaye sana wenzake ndo walinieleza kwamba maziwa yalikuwa yanatoka yanalowanisha nguo, anaona aibu, anaenda chooni kuyakamua anayamwaga kwenye sinki anarudi mbio kabla mstari haujasimama. Mtoto yuko kwa jirani anapewa uji mwepesi kwa kijiko. Na kifungu kile kile cha 33 kinasema mwajiri amruhusu mama anyonyeshe ndani ya muda wa kazi mpaka masaa mawili kwa siku. Kilikuwa kimeandikwa kwenye fremu yangu juu kule, mstari wa pili chini ya siku 84.

Ikapita miezi saba. Akaitwa juu kusaini mambo ya akaunti ya benki, mimi nina mtu ndani, akaambiwa akae kwenye benchi la korido asubiri. Benchini alikuwepo binti wa fildi kutoka chuo, na yule dada akamuomba amsomee kilichoandikwa kwenye ile fremu, maana aliona imewekewa fremu nzuri akajua ni kitu cha maana. Binti akamsomea anatafsiri mstari kwa mstari, sauti nilikuwa naisikia kwa mbali na sikuitilia maanani.

Alipoingia hakuanza na akaunti. Akakaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, akauliza taratibu kama mtu anayeomba samahani:

"Dada, zile siku themanini na nne zilizoandikwa hapo nje, ni za nyie wa ofisini au na sisi zinatuhusu?"

Nikamwambia zinawahusu wote. Akasema, "Ahaa." Akanyamaza. Akaangalia chini, halafu akasema, "Basi nisamehe dada, mimi sikujua."

Akaniomba msamaha yeye. Mimi ndo ninayelipwa kujua, saini ni yangu, fremu ni yangu, na yeye ndo anaomba msamaha. Sikuweza kujibu kitu. Nikampa ile karatasi ya benki akasaini akashuka, na alipofunga mlango nikaenda kwenye kabati la mafaili nikavuta faili lake, nikaiona 42 kwa mwandiko wa supavaiza na chini yake jina langu. Nikasema ngoja niangalie na wengine. Nilikaa mpaka saa mbili usiku. Kwa miaka ile miwili walikuwa watano. Watano wote 42, watano wote saini yangu.

Kesho yake nilienda kwa meneja na mafaili matano. Hakufurahi, aliniuliza kama kuna aliyelalamika, nikamwambia hamna aliyelalamika na hiyo ndo inayonitisha, akafikiri muda mrefu, mwisho akakubali walipwe zile siku 42 walizofanyishwa kazi wakati walitakiwa kuwa nyumbani. Niliwaita mmoja mmoja, nikawaeleza wazi kosa ni letu na nani alisaini, nikawapa barua. Wawili walilia. Mmoja alicheka akasema kumbe. Yule dada alipokea hela akahesabu akashukuru, nikamuuliza mtoto, akaniambia ameanza kusimama kwa kushika stuli. Pesa tulilipa, zile wiki sita za mtoto hatukuwa na pa kuzitoa.

Jumamosi ile binti wa fildi alikaa na mimi tukaandika bango upya kwa Kiswahili tukalishusha kantini, nililishika mimi akapiga misumari yeye. Ndani ya mwezi wakaja wanaume watano kuulizia siku 3 za baba, zile za kuchukua ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na miaka yote hiyo hakuna mwanaume aliyewahi kuziomba pale, tulikuwa tunadhani hawazihitaji.

Kwahiyo mdogo wangu, ukikaa kusaini fomu za likizo weka nakala ya bango mezani pembeni ya kalamu. Hata kama ni Ijumaa. Hasa kama ni Ijumaa.

4. Bango lina tarehe ya kuchacha

Lile la haki za jumla halibadiliki kila siku ila sheria inabadilika, mfano marekebisho ya 2025 yamemgusa mama aliyejifungua mtoto njiti, na ukiwa bado una bango la zamani utamkatia siku mtu ambaye mtoto wake yuko kwenye joto hospitali. Kima cha chini ndo kabisa, usikichanganye kwenye bango moja, kiwekee karatasi yake uweze kuitoa. Amri ya mishahara ya 2013 kwa viwanda na biashara ilikuwa 115,000 kwa mwezi, ikaja GN 687 ya 2022 ikaanza tarehe 1 Januari 2023 ikawa 150,000, na mimi mwaka 2024 nimeikuta karatasi ya 115,000 imebandikwa mahali, mlipaji analipa sawa kabisa lakini vibarua wanaosoma ukuta wanaamini 115,000 ndo haki yao na hicho cha juu ni huruma ya bosi. Sasa kuna amri mpya iliyoanza 1 Januari 2026. Nenda kaangalie ukuta wako leo.

5. Vidogo vidogo

Bango halichukui nafasi ya maelezo ya ajira ya kifungu cha 15, kila mtu apewe yake mkononi.

Cheti cha usajili wa OSHA na cha WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, viweke, ila sio juu ya bango.

Piga picha bango likiwa ukutani, lenye tarehe, weka kwenye faili la ukaguzi.

Likilowa mvua toa, usisubiri mtu akulalamikie. Msimu wa masika kuta za mabati zinavuja na wino unakimbia.

Usibandike kwa selotepu, inashikwa na joto inaachia, utalikuta limejikunja sakafuni linakanyagwa na forklifti.

Pale kwenye kuacha kazi andika siku 28 za notisi kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na 7 kama yuko kwenye mwezi wake wa kwanza, watu wanalisoma hilo kuliko yote.

6. Afisa Kazi haangalii ukuta peke yake

Najua mnamuogopa, na kweli ana mamlaka, anaweza kukuandikia amri ya kutekeleza na ukaikuta mezani kwa mkurugenzi. Lakini mnadhani anakuja kutafuta karatasi. Wazoefu hawafanyi hivyo. Nilikuwa naongozana na mmoja, mama mtu mzima, mtulivu, tukapita kwenye bango langu, safari hii liko kantini kabisa, Kiswahili kabisa, mimi nalionyesha kwa mkono, yeye akalitupia jicho akaendelea kutembea. Tukafika kwa kijana anapakia viroba, akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, halafu akamuuliza, mwanangu wewe likizo yako ya mwaka ni siku ngapi? Kijana akajibu kwa heshima zote, "Likizo mama? Sisi tunafunga Krismasi."

Mama akanigeukia. Hakusema kitu, akaandika.

Siku 28, watu wangu. Siku 28 mfululizo kwa mwaka, zilikuwa kantini, mita thelathini kutoka kwenye viroba. Lakini kijana yule alikuwa hali kantini, anaokoa hela, anakula mihogo nje ya geti, na mimi kwa miezi yote ile sikuwahi kujiuliza wasiokula kantini wanasoma wapi. Nikabandika la pili getini. Kama una watu zaidi ya hamsini bango moja halitoshi, sheria haijasema idadi ila ukitembea mwenyewe utaona.

7. Bosi akikwambia "utawaamsha"

Wengi mtaambiwa hivi, mimi nimeambiwa mara tatu na mabosi watatu tofauti, kwamba ukiwafundisha haki zao watatusumbua. Usibishane kwa hasira, na usikubali pia. Mwambie ukweli ninaoujua mimi baada ya miaka yote hii: anayejua haki yake anakuja kwako kwanza. Asiyejua anakaa na kinyongo, siku anaachishwa anaenda kwa mtu wa mtaani anayejua sheria nusu, ndani ya siku 30 CMA Fomu Na. 1, ile ya kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inakufikia na imejazwa kila kitu, ovataimu za miaka mitatu, likizo, nauli, matusi, mpaka sare alizofua mwenyewe. Kwa miaka niliyohangaika na mashauri hayo, fidia ya kumuachisha mtu isivyo halali ilikuwa inaanzia mishahara ya miezi 12. Na mwajiri anayeulizwa mkataba na maelezo ya ajira na hana, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Nimekaa kwenye vyumba vile vya usuluhishi, meza moja, viti vinne, nimemsikia msuluhishi anamuuliza mfanyakazi "ulijulishwa?" na mfanyakazi anajibu hapana na mimi nageuza mafaili sina cha kuonyesha.

Kwahiyo mwambie bosi gharama ya kioo na misumari. Halafu endelea. Ukiona anakataa kabisa mwandikie kimaandishi kwa heshima, weka nakala, kwasababu siku ya siku ataulizwa nani alikuwa HR.

Nilitaka kuishia hapo ila jana usiku yule kijana wa nyuma ya mlango kanitumia ujumbe. Baada ya kuachana nilimwambia tu lishushe chini, nikamtumia Kiswahili changu, sikumwambia zaidi. Kanitumia picha, bango liko kwenye ukuta wa foleni ya dole gumba, mbele yake mama mmoja amesimama anafuata mstari kwa kidole na mwenzake anachungulia begani. Chini akaandika: "Dada tangu Jumatatu nimeulizwa maswali kumi na moja, kumi nimejibu. La mwisho limenishinda. Mtu wa usiku akipitiliza masaa, ile asilimia 5 inapigwa kwenye mshahara wa kawaida au kwenye ovataimu?"

Kwenye ovataimu mdogo wangu. Kifungu cha 20. Saa yake ya ziada kwanza iwe moja na nusu, ndo hiyo asilimia 5 ipigwe juu yake. Kamjibu kabla hajatoka shifti.